Sura ya Saba: Anza na Mwinuko

Anayepanga likizo ya ziwani akiwa Dodoma aanze na namba moja kabla ya nauli, kabla ya nyumba ya kulala wageni, kabla hata ya kuwauliza watoto. Namba hiyo ni mwinuko wa ziwa kutoka usawa wa bahari. Itamwambia kama watoto wataoga au watasimama ukingoni wakitetemeka. Itamwambia kama abebe sweta au chandarua, na ataamka kwenye jua au kwenye ukungu. Picha nzuri ya maji ya buluu yaliyozungukwa na milima haisemi lolote kati ya hayo, na wengi hupanga safari kwa picha.

Chang'ombe yetu (nazungumzia ya Dodoma, maana ile ya Temeke ina bahari yake) iko kwenye mita 1,100 na ushei. Kumbuka namba hiyo, ulinganishe nayo miinuko nitakayoitaja.

Nasisitiza ziwa, na nina sababu. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kama milimita 570 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni vumbi, upepo na anga tupu. Maji ya mji kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini, kwenye visima virefu vya Mzakwe, na mtoto wa Chang'ombe huyajua maji kwa dumu, kwa ndoo, kwa zamu ya mgao. Korongo analolivuka akienda shule hutiririka saa chache baada ya mvua, kisha hurudi kuwa mchanga. Mtoto huyu anasoma darasani kwamba nchi yake ina sehemu ya Victoria, Tanganyika na Nyasa, maziwa matatu makubwa kuliko yote Afrika, lakini anaweza kumaliza darasa la saba bila kusimama mbele ya maji yasiyo na ng'ambo. Nadhani tunamnyima kitu. Familia inayoweza kujibana mwaka mzima kwa ajili ya sherehe ya siku moja inaweza pia kujibana kwa ajili ya hili.

Kuna kikwazo cha kwanza, nacho si fedha. Kwetu likizo maana yake ni kwenda nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka, na Dodoma, tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, imejaa watumishi ambao siku hizo zote 28 zina wenyewe: wazee wanaongoja kusalimiwa, shamba la kuangalia, msiba uliopita bila wao kuufikia. Sitamshauri mtu awakate wazee wake. Ninachosema ni kwamba siku nane zinaweza kutengwa, na zinaweza kutajwa mapema, kwa heshima, ili bibi asizisikie kwa jirani. Mwambie mama mkwe mwezi wa pili kwamba mwaka huu mtafika tarehe fulani badala ya tarehe fulani, na kwamba mkifika mtakuja na mchele wa Kyela. Mambo mengi huharibika kwa sababu yalisemwa mwezi wa sita.

Sasa maziwa yenyewe. Karibu na mji kuna Hombolo, bwawa zuri kwa mchana mmoja. Singida ina Singidani na Kindai, maji ya chumvichumvi yenye ndege wengi, yaliyo ndani ya mji kabisa. Kaskazini, tangu barabara ya lami kupitia Kondoa ilipokamilika, Ziwa Babati limekuwa safari ya nusu siku, ila viboko wake hawaruhusu mtu kuchezea maji. Yote haya yanafaa kwa wikiendi. Kwa likizo kamili, yenye milima iliyoshuka mpaka majini kama zile kadi za posta za Uswisi, naelekeza familia kusini: Rungwe na Kyela, mkoa wa Mbeya.

Hao wa Uswisi na Italia wenyewe wana siri ambayo kadi haionyeshi. Maziwa yao maarufu ya milimani hayako juu. Ziwa Geneva liko mita 372 tu, Como kama mita 200, na Garda, ambako watu humiminika kuoga kila Julai, liko mita 65. Milima ndiyo iliyo juu. Maji yako bondeni. Tena kiangazi chao huleta mchana wa saa kumi na tano na zaidi, hivyo maji hupata muda wa kupashwa joto. Sisi tuko karibu na ikweta. Urefu wa mchana wetu haubadiliki sana, na miezi yao ya joto, Juni hadi Agosti, ndiyo kipupwe chetu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6 za Selsiasi. Kwa hiyo familia ya Dodoma inayotaka uzuri wa Como haina budi kutafuta ziwa lililo chini lenye milima mirefu kando yake. Na ikitaka ziwa lililo juu kweli, ijue kwamba inakwenda kutazama.

Rungwe na Kyela zina yote mawili, na kati ya moja na jingine ni safari ya siku moja. Ziwa Ngozi, lililo Rungwe, liko kwenye mita 2,060 hivi. Nyasa, pale Matema wilayani Kyela, liko chini kidogo ya mita 480. Hiyo ni tofauti ya karibu mita 1,600, yaani nyuzi kama kumi za joto. Watoto wataiona jiografia kwa ngozi zao kabla ya kuisoma kitabuni.

Muda. Miezi ya anga safi zaidi kusini ni Septemba na Oktoba, lakini likizo ndefu za shule huangukia Juni na Desemba. Desemba mvua imeanza. Njia ya msitu ya kwenda Ngozi inateleza na mawingu hukaa juu ya ziwa siku nzima. Inabaki Juni. Dodoma Juni ni kavu kabisa, na hapo ndipo watu wetu hudanganyika, wakadhani nchi yote ni kavu. Tukuyu, mji wa Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mara nne ya Dodoma hivi, kwa sababu upepo unaotoka Ziwa Nyasa hupandishwa na milima, hupoa, na kudondosha maji uliyoyabeba. Hata kipupwe kina manyunyu. Beba koti la mvua kwa kila mtu. Masweta yanunuliwe kwenye mitumba ya Sabasaba mwezi wa Oktoba, joto likiwa kali na hakuna anayeyagombania.

Hesabu ya nauli si ya kukisia. Kutoka Dodoma hadi Mbeya kupitia Iringa ni kama kilomita 600. Viwango ambavyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilitangaza Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Zidisha: mtu mmoja ni kama shilingi 29,000 au 41,000. Watu wanne kwenda na kurudi ni kama 233,000 kwa daraja la kawaida na 326,000 kwa la kati. Angalia kiwango cha sasa kabla ya kuweka lengo, kisha ongeza daladala za huko, chakula na malazi. Ninaamini kibubu kinachoanza Januari kuliko mkopo wa Mei. Walio kwenye mchezo wa kupeana wapange zamu yao iangukie Mei. Kijumbe akiambiwa mapema hana neno.

Basi huondoka alfajiri Stendi Kuu ya Nanenane, na ningependa watoto wakae dirishani, kwa sababu barabara hii ndiyo somo la kwanza la mwinuko. Unapita Mlowa Barabarani, Fufu na Chipogoro, ukishuka taratibu hadi Mtera, mita 700 hivi, kati ya mibuyu na miiba. Hapo barabara inavuka bwawa lililozuia Ruaha Mkuu, na mkoa unabadilika. Ni maji mengi ya kwanza ya safari. Kijijini Migoli wanauza perege na kambale. Kisha mlima wa Nyang'oro: basi linapanda kwa kujikunja, masikio yanaziba, na ukifika Iringa uko juu kuliko Dodoma na hewa imekuwa nyingine. Mafinga kuna misitu ya misonobari ya Sao Hill, miti iliyosimama kwa mistari kilomita kwa kilomita. Makambako kuna upepo. Halafu unashuka tena kwenye tambarare la Usangu na mashamba ya mpunga ya Mbarali, na jioni unapanda kuingia Uyole, mlangoni mwa Mbeya.

Barabara hiyo baada ya Iringa ndiyo njia ya malori ya Tunduma na Zambia. Miteremko ya karibu na Mbeya, Inyala hasa, imeua watu wengi. Dereva akikimbia, abiria ana haki ya kumwambia, na anaweza kumwambia bila ugomvi: "Kaka, tuna watoto humu, tufikishe salama." Nimesikia kauli kama hiyo ikitoka kwa mama mmoja mtu mzima aliyekaa kiti cha mbele, na dereva akaitika, "Sawa mama," akapunguza. Basi zima lilinyamaza kwa shukrani.

Usiende Ngozi kesho yake asubuhi. Mwili uliokaa kwenye kiti mchana kutwa na mapafu yaliyozoea mita 1,100 vinahitaji siku moja ya kati. Siku hiyo iwe ya Mto Kiwira: Daraja la Mungu, mwamba wa lava uliojikunja juu ya mto na kuacha maji yapite chini yake, na Kijungu, mahali ambapo mto mzima unazama kwenye shimo la mwamba na kuchemka kama sufuria. Kijungu kiko eneo la Magereza, hivyo omba ruhusa kwa ustaarabu na usipige picha za majengo. Chakula cha mchana ni ndizi za mbalaga na maziwa. Watoto waliolelewa kwa ugali wa mtama na mlenda wataona kijani kinachoota hadi kwenye kingo za lami, na watauliza kwa nini kwao hakuna. Jibu ni ule upepo wa Nyasa.

Ngozi ni kreta. Mlima ulilipuka, paa lake likadidimia, shimo likajaa maji. Ziwa lina urefu wa kilomita 2.5 hivi na kina cha zaidi ya mita 80, na kwa Afrika hutajwa kuwa la pili kwa ukubwa kati ya maziwa ya aina yake. Mlipuko wa mwisho wa volkano hiyo unakadiriwa kutokea mwaka 1450 au karibu na hapo, kwa hiyo kwa miamba ni jana. Moto bado upo chini: kampuni ya serikali ya jotoardhi imekuwa ikilitafiti eneo la Ngozi ili kuzalisha umeme, na Busokelo, upande wa pili wa Tukuyu, kaboni dioksidi inayotoka ardhini huvunwa na kuuzwa kwa matumizi ya viwandani. Hapa matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, la Rukwa, la Usangu na la Nyasa. Tawi la mashariki la ufa huohuo linapita Bahi, jirani zetu, na ndilo linalotutikisa Dodoma mara kwa mara. Mtoto aliyewahi kukimbilia uani usiku kwa tetemeko ana haki ya kuoneshwa kazi nyingine ya nguvu hiyohiyo.

Kwa miguu ni hivi. Kutoka Uyole unapanda gari la Tukuyu, unashuka maeneo ya Isongole, juu ya mita 2,000, ambako wanalima viazi na kabichi na watu huvaa makoti saa sita mchana. Kutoka barabarani hadi ukingo wa msitu kuna kilomita kadhaa, bodaboda zipo. Chukua mwongozaji wa kijijini na ulipe ushuru unaotakiwa, kwa sababu njia zinagawanyika msituni na kwa sababu kijiji kinacholinda msitu kinastahili kupata kitu kwa mgeni. Kupanda ni kama saa moja na nusu kwa mwendo wa mtoto wa miaka kumi, ndani ya msitu mzito wenye migomba pori na mizizi iliyogeuka ngazi. Sehemu ya mwisho ni kali. Kisha miti inafunguka na ziwa liko chini, mbali chini, kijani iliyokolea, limezungushiwa kuta za msitu pande zote. Wenyeji wanasema lina umbo la bara la Afrika; mpe kila mtoto nafasi ya kulitafuta hilo umbo mwenyewe.

Msishuke hadi majini. Ukuta ni wima na unateleza, watu hushikilia mizizi, na hakuna cha kuoga kule: maji ni ya baridi na yana chumvi za volkano. Mkikuta ukungu, subirini. Mara nyingi hufunguka kabla ya saa tano asubuhi au hufunguka kwa dakika tano tu, na dakika hizo zinatosha. Ndiyo maana nasema muondoke alfajiri, na ndiyo maana ni vizuri kuwa na siku moja ya akiba.

Ukiwa ukingoni, mlima mkubwa wa upande wa kusini-mashariki ni Rungwe, mita 2,960 hivi. Kwenye msitu wake, mwaka 2003, watafiti walioongozwa na mwanasayansi Tim Davenport walimkuta kima aliyekuwa hajawahi kuandikwa na sayansi. Wawindaji wa hapo walikuwa wakimjua na kumwita kipunji. Alitangazwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jambo ambalo kwa kima wa Afrika lilikuwa halijatokea kwa miongo mingi. Uwezekano wa kumwona ni mdogo sana. Mtoto ajue hata hivyo kwamba ugunduzi wa namna hiyo ulifanyika Tanzania, ndani ya umri wa wazazi wake, na kwamba walioanza kumjua mnyama yule walikuwa wanakijiji.

Siku ya kushuka kwenda Nyasa, pitieni Masoko, ziwa dogo la mviringo lililo kusini mwa Tukuyu, kwenye mita 840. Wajerumani, walioiita Tukuyu Neu-Langenburg, walijenga kambi ya askari ukingoni mwake, na jengo lao la mawe lilikuja kuwa mahakama ya mwanzo. Inasimuliwa kwamba walipokimbia majeshi ya Uingereza mwaka 1916 walitupa fedha na silaha ziwani, na wapo waliookota sarafu za zamani. Simameni saa moja, si zaidi. Jambo la maana la Masoko ni hewa yake: vueni masweta hapo. Hamtayahitaji tena hadi siku ya kurudi.

Kisha Kyela, michikichi, kakao, mpunga, na barabara ya kwenda Matema. Hapa ndipo mahali ambapo Tanzania inafanana na zile kadi za posta, na kwa maoni yangu inazipita. Milima ya Livingstone inapanda kutoka majini hadi zaidi ya mita 2,000 bila kupumzika, na chini yake kuna ufukwe wa mchanga na maji matamu ambayo hata kipupwe hayashuki sana chini ya nyuzi 23. Ng'ambo haionekani ukitazama kusini. Mle ndani mna aina za samaki zisizopatikana ziwa jingine lolote duniani, kwa mamia. Mezani ulizia mbasa wa kuchoma na usipa.

Kushuka chini kuna gharama yake. Malaria ya Kyela si ya Dodoma. Watoto wetu wamekulia sehemu yenye malaria kidogo na miili yao haina uzoefu nayo, hivyo chandarua kila usiku, na homa yoyote ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi ipelekwe kupimwa siku hiyohiyo, mkieleza mlikokuwa. Kichocho nacho kipo katika ziwa hili. Msioge kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na mkirudi ulizieni kituo cha afya kuhusu dawa. Mamba hukaa kwenye midomo ya mito, Lufilyo na Mbaka, kwa hiyo ogeni tu pale wenyeji wanapooga. Muulize mzee yeyote wa ufukweni: "Shikamoo mzee, hapa watoto wanaoga?" Akisema pale kwenye mwembe, basi ni pale kwenye mwembe, hata kama hapa panaonekana pazuri zaidi. Upepo wa kusini huinua mawimbi miezi hii, na mtoto aliyejifunza kuogelea kwenye beseni hajui kuogelea. Mtu mzima mmoja awe majini hadi kiunoni, simu yake ikiwa nchi kavu, muda wote watoto wanapocheza.

Jumamosi kuna soko la Lyulilo, kando tu ya Matema, na hilo ndilo lililonifanya nipange siku zote nyingine kwa kuhesabu kinyumenyume. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe hufinyanga vyungu vyembamba, vyekundu, vilivyopakwa mapambo meupe, na huvileta kwa mitumbwi kwa sababu milima imewaziba njia. Ili uwe Lyulilo Jumamosi asubuhi, ulale Matema Ijumaa. Ijumaa basi ndiyo ya Masoko na mteremko. Alhamisi ni Ngozi, Jumatano ni Kiwira, na Jumanne alfajiri mnaondoka Nanenane. Jumapili ni ya maji tu, kutwa. Jumatatu mnapanda hadi Mbeya na kulala, Jumanne mnarudi. Mkinyimwa Ngozi na ukungu wa Alhamisi, Jumatatu asubuhi ndiyo akiba yenu, ila itabidi kuondoka Matema kwa gari la kwanza.

Tiketi ya kurudi ikatwe Mbeya siku mnayofika, kwa sababu mwisho wa likizo mabasi hujaa wanafunzi. Vyungu vifungwe kimoja kimoja kwa kanga na masweta yasiyovaliwa, vipakatwe ndani ya basi na wala visiwekwe kwenye buti. Na mchele wa mama mkwe ununuliwe Kyela kwenyewe, kabla ya kupanda mlima, bei ikiwa bado ya shambani.